Nimepata, Mzee

Shemeji yangu ni mtu wa kuomba radhi. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye atakayesema samahani. Mimi mwenyewe nimemsikia akiuomba radhi mlango. Alikuwa amebeba stendi za kamera mikono yote miwili, akaugonga kwa kiwiko, akausemesha kwa adabu zote, na mlango wenyewe ni wa nyumba yake. Ndiyo maana mtaani walimpa jina la Samahani, nalo likamganda mpaka kwenye kibao cha studio: Samahani Video na Picha. Wageni wakisoma haraka hudhani ni tangazo la kwamba leo hapafanyiki kazi, wanageuza.

Amemwoa dada yangu, kwa hiyo nina haki ya kumtania, na haki hiyo siilazi njaa. Pia ndiye bosi wangu. Mimi hushika kamera ya pili, hukunja nyaya, na huwaambia maharusi ukweli kuhusu urefu wa hotuba zao, maana yeye hawezi. Studio ni chumba cha mbele cha nyumba yao. Kuna kompyuta moja inayopumua kwa shida, magodoro mawili yaliyopigiliwa ukutani ili sauti isitoke, na pazia la kijani lenye alama ya pasi pembeni, ambayo dada hataki izungumzwe.

Alianza kwa kupiga picha za vitambulisho. Hapo ndipo alipojifunza kumwambia mtu ainue kidevu bila kumuudhi. Baadaye zikaja harusi, mahafali, ufunguzi wa maduka, na misiba. Misiba anaiweza kuliko wote, kwa sababu anatembea kwa kunyata na uso wake siku zote umekaa kimsiba. Dada anasema mumewe alilelewa na shangazi ambaye kila kilichovunjika nyumbani, hata kikivunjwa na paka, kilikuwa kosa la mtoto. Labda. Mimi naona wengine huzaliwa na deni la radhi, wakawa wanalilipa kidogo kidogo kwa yeyote anayepita.

Kwa hiyo ningekuwa mtu wa kuapa, ningeapa kwamba siku Samahani atakapofanya kosa la kweli, dunia nzima itajua kabla ya saa ya chakula. Nilikuwa najidanganya.

Kosa lenyewe lilikuja na bendi. Ni bendi ya siku nyingi, iliyobaki na wanamuziki saba na mashati meupe ya mikono mirefu ambayo wote huvaa wakipanda jukwaani. Kiongozi wao, mpiga tarumbeta mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba maji, alikuja studio akasema wanataka video. Si ya kuigiza midomo ufukweni na magari ya kuazima. Wanataka ya laivu, wapige ukumbini kama wanavyopiga siku zote, kamera zichukue.

"Na tunaifanya sasa," akasema, "kwa sababu Mzee anatuaga."

Mzee ni mpiga gitaa la solo. Bendi karibu nzima ni ya wazee, lakini ukisema Mzee bila kuongeza neno wote wanajua ni yeye. Amekula chumvi nyingi, na vidole vyake vimeanza kukakamaa. Kila asubuhi mkewe huvilowesha kwenye maji ya moto na kuvikanda kwa dawa mpaka vifunguke, kimoja baada ya kingine.

Hapo pana jambo la kazi yetu ambalo lazima nilieleze. Watu wakitazama video ya laivu hudhani bendi ilipiga mara moja, kukawa na kamera ishirini. Hatuna kamera ishirini, tuna tatu. Kwa kawaida bendi hupiga wimbo uleule tena na tena, sisi tukihamahama: mara hii tuko kwa mwimbaji, mara hii kwa mpiga ngoma, mara hii kwenye vidole vya gitaa. Kisha sauti inachukuliwa ya mara moja tu, ile iliyotoka vizuri, na picha za mara zote zinakatwa na kupangwa juu yake. Mpiga ngoma unayemwona akicheka huenda alicheka saa nzima baada ya pigo unalolisikia.

Tulipomweleza Mzee hilo lote alisikiliza kwa makini, kisha akatikisa kichwa.

"Wenzangu watarudia mtakavyo," alisema. "Mimi nitakaa nao, nitashika shika nyuzi. Lakini solo nitaipiga mara moja. Mkono wangu kwa siku una solo moja tu."

Samahani akamwambia hakuna shida, na akaomba radhi kwa kuuliza.

"Na mkono huo uonekane," Mzee akaongeza. "Mama watoto hajawahi kuniona jukwaani. Kwanza walikuwa watoto, halafu magoti yake. Nataka aone nilikuwa nafanya nini huko nilikokuwa narudi nikinuka sigara za watu."

Basi tukaenda ukumbini siku ya Jumamosi, asubuhi. Tulifunika madirisha kwa vitambaa vyeusi na kuzima mapangaboi kwa sababu yanaingia kwenye maiki, na kabla ya saa sita mashati meupe yalikuwa yamewaganda watu mgongoni. Kamera ya kwanza tuliisimamisha nyuma kabisa, inachukua jukwaa zima. Ya pili nilikuwa nayo mimi, kwa mwimbaji. Ya tatu alikuwa nayo Samahani, na tulikubaliana kwamba zamu ya solo ikifika atapiga goti mbele ya Mzee asiondoke hapo hata ukumbi ukiungua.

Bendi ilirudia, ikarudia. Mzee alikaa kwenye kiti chake akishika shika nyuzi kama alivyosema, mkono wa kushoto akiupasha joto kwapani kila wimbo ulipokwisha. Kisha akamwitikia kiongozi kwa kichwa. Hii ndiyo.

Mwanamume mwoga hujihami mapema. Samahani, kwa hofu ya kuchelewa, alikuwa ameshawasha kurekodi wakati wanakaza nyuzi. Halafu, kwa hofu ileile, Mzee alipoinamia gitaa akabonyeza kitufe tena ili awe na hakika. Kitufe kinachowasha ndicho kinachozima. Watu wa kazi hii wote wanalijua hilo, na wote limewahi kuwapata, kwenye kukata keki au kwenye hotuba ya mjomba ambayo hakuna atakayeiulizia. Yeye lilimpata hapo.

Solo yenyewe sitaieleza sana, sina maneno ya muziki. Nitasema tu kwamba mpiga besi alifumba macho, na mwimbaji aliyetakiwa kunitazama mimi alinigeuzia kisogo akamtazama Mzee, nami sikumlaumu. Palikuwa na sehemu moja Mzee aliuvuta uzi ukalia kama mtu anayeitwa na hataki kwenda. Samahani alikuwa pale chini, goti sakafuni, kamera karibu kabisa na vile vidole, amejaa furaha.

Walipomaliza, wakapiga makofi wao kwa wao. Nikamwona shemeji anatazama kioo cha kamera, anakitazama tena. Mzee alikuwa bado kitini, gitaa mapajani, jasho linamtiririka.

"Umepata?" Mzee akauliza.

"Nimepata, mzee."

Alitabasamu kabisa aliposema. Mimi nikadhani ni tabasamu la kazi nzuri. Mzee akakaa kidogo, kama anangoja neno jingine, kisha akainuka na kulilaza gitaa kwenye kasha lake.

Alasiri, studio, nilikuwa nahamishia picha kwenye kompyuta.

"Shemeji, ya solo iko wapi?"

Akajifanya anakunja waya.

"Kuna hii ndefu ya watu wanakaza nyuzi, halafu kuna hii ya sakafu na kiatu chako. Ya solo?"

"Haipo."

"Haipo vipi?"

Akanieleza, akitazama godoro la ukutani: alipobonyeza ili kuzima, ndipo kamera ilipowaka. Nikamwambia amwambie Mzee leo hii, simu ile pale. Akasema atamwambia kesho. Kesho yake akasema Mzee atakuwa amepumzika, si vizuri kumshtua. Siku ya tatu akasema labda kamera ya nyuma ina kitu. Tukaitazama ya nyuma. Ndani yake Mzee ni mdogo kama kidole, nyuma ya bega la mwimbaji, na stendi ya sahani za ngoma imempita katikati ya kifua. Sauti tulikuwa nayo, safi, kutoka kwenye mtambo. Mikono ndiyo haikuwepo.

Nilikasirika, sifichi. Mtu anayeomba radhi kwa mvua kunyesha, anashindwa kufungua kinywa kwa hili moja. Nilimwambia hivyohivyo, mbele ya mkewe. Dada akamtazama mumewe na kusema, "Si useme tu, baba. Mara ngapi unasema." Naye akasema zile nyingine ni rahisi kwa sababu hana kosa.

Kiongozi wa bendi alipoona rasimu ya kwanza, ambayo kwenye solo tulikuwa tumejaza mwimbaji anayeyumba, alikunja uso. "Solo bila mkono? Mnanifanyia dhihaka? Nataka mkono wa Mzee, mkubwa, ujae kioo." Samahani akasema mkono upo, anaupanga.

Hapo ndipo alipopata wazo, na wazo la mtu mwenye hofu huwa na akili nyingi mno. Mpiga ridhimu wa bendi, ambaye wao humwita Ridhimu, ni mwanamume wa makamo aliyefundishwa na Mzee, na solo hiyo anaijua pigo kwa pigo. Shati lake ni lilelile jeupe la mikono mirefu. Kilichokosekana ni gitaa, maana la Mzee ni jekundu lililochubuka pembeni na kila shabiki analijua.

Samahani akaenda kuliazima. Alimwambia Mzee tunataka kulipiga picha lenyewe peke yake, ya kuwekwa mwanzoni mwa video. Mzee alilipangusa kwa kitambaa mbele yake, akaling'arisha mpaka kwenye vifungo vya nyuzi, akambebesha kama anayembebesha mtoto mchanga. Haya alinisimulia mwenyewe, na alipofika kwenye kitambaa alishindwa kuendelea.

Ridhimu aliuliza jambo moja tu alipokaa kwenye kiti mbele ya vitambaa vyeusi.

"Mzee anajua?"

"Anajua," akasema shemeji.

Na mimi, niliyejifanya mkali, nilikuwa nimesimama pale nimeshika taa. Sikuitupa wala sikuondoka. Niliielekeza vizuri kwenye vidole, kwa sababu kivuli kilikuwa kinaharibu.

Lazima niseme shemeji aliikata video vizuri. Uso wa Mzee aliutoa kwenye zile mara za mwanzo, macho yamefumba, kisha vidole, kisha uso, kisha vidole vinapanda shingo ya gitaa na ule uzi unavutwa palepale unapolia. Ungeapa ni yeye. Kiongozi aliitazama akapiga paja lake kwa furaha. Ilipotoka, watu wakaanza kutumiana kwenye simu kile kipande cha solo peke yake, wakiandika chini yake kwamba mzee huyu mikono yake haijazeeka.

Nyumbani kwao chakula kilikuwa kinarudi jikoni kama kilivyotoka. Shemeji akaanza kuomba radhi kupita kiasi chake mwenyewe: kwa sukari kwisha, kwa mlio wa simu, kwa kukaa kwenye kiti. Dada alinivuta kando akaniuliza kama mumewe ana mwanamke. Nikamwambia ingekuwa nafuu.

Kisha Mzee akapiga simu. Alikuwa hajaiona. Simu yake ni ya vibonyezo, na hakutaka kuiona kwenye ya jirani kabla ya mkewe. Akasema tulete nyumbani Jumapili mchana, kuna televisheni ya kutosha.

"Shikamoo, mama," tulisema mlangoni, na mkewe akatuitikia bila kuinuka, akatuomba tumsamehe magoti. Alikuwa amevaa kama mtu anayetoka. Sebule ilikuwa ndogo, safi, mapazia yamefungwa ili kioo kisipigwe na mwanga. Mzee alikaa kando ya mkewe kwenye kochi, mikono ameilaza magotini. Gitaa lilikuwa juu ya kabati, ndani ya kasha. Hajalishika tangu lirudi, alisema, vidole vimekataa kabisa. Siku hizi asubuhi hata vikikandwa havifunguki.

Samahani akaiwasha.

Mama alitazama bendi ikiingia, akacheka kidogo alipomwona kiongozi na tarumbeta. "Huyu amenenepa." Mumewe alipotokea, akasogea mbele. Mwimbaji akaimba. Kisha solo ikaanza, uso wa Mzee ukajaa kioo, macho yamefumba, na mama akatia mkono kifuani. Kisha vikaja vidole.

Nilikuwa namtazama yeye, si video. Nilimwona akiinama zaidi. Akatazama kioo, akatazama magotini kwa mumewe, akarudisha macho kwenye kioo.

"Hii mikono si yake," akasema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayemwambia mpishi kwamba hii si chumvi.

"Naikanda kila asubuhi," aliendelea. "Kidole chake cha tatu kilibanwa na mlango wa gari, hakijanyooka mpaka leo. Huyu chake kimenyooka." Kisha akamgeukia shemeji yangu. "Ya kwake mmeiweka wapi?"

Samahani akasimama. Nilidhani atalitoa lile neno lake, kwa kuwa kama neno hilo lina siku yake, ilikuwa imefika, lakini halikutoka. Aliisimamisha picha, akayasema yote akiwa amesimama, kitufe, sakafu na kiatu, gitaa, Ridhimu. Hakuruka chochote. Hata taa niliyoishika hakuitaja kuwa yangu, alisema "tuliwasha taa", na hapo nikaona aibu kuliko kama angenitaja.

Mzee alimsikiliza akitazama zulia.

"Gitaa liliporudi nilijua," akasema. "Gitaa lililopigwa picha halilegei uzi wa pili. Nikasema atakuja kuniambia. Nikangoja."

"Mzee, nili..."

"Tena siyo hapo tu. Siku ile ukumbini. Ulikiangalia kile kioo cha kamera mara mbili, nilikuona. Nikakuuliza umepata. Nilikuwa bado kwenye kiti, vidole vina moto. Ungesema hukupata, ningerudia."

"Ulisema mkono una solo moja kwa siku."

"Nilisema. Ile ya pili ningeitafuta."

Shemeji alikuwa analia sasa bila kujificha, mtu mzima na ndevu zake. "Niliogopa kukuumiza vidole, mzee."

"Vidole ni vyangu, mwanangu," Mzee akasema.

Samahani akasema anaweza kuleta kamera kesho, anaweza hata leo, sasa hivi, iko kwenye begi. Mzee akaunyanyua mkono wa kushoto kutoka gotini, akajaribu kuukunja kama anayeshika shingo ya gitaa. Ulifika katikati. Akaurudisha.

Mama akauchukua ule mkono akauweka mapajani mwake, akaanza kuukanda juu ya gauni lake zuri, bila dawa, bila maji ya moto.

"Sauti ni yake?" akauliza.

"Ni yake, mama. Sauti yote ni yake, ya siku ile."

"Basi iwashe tena solo. Picha uizime."

Samahani akachukua rimoti, akaigeuza geuza. Televisheni ile haikuwa na namna ya kuzima picha ikaacha sauti. Akaangaza macho chumbani, akatoa kitambaa kilichokuwa juu ya meza, akairudisha video nyuma kidogo, akaiwasha. Kisha akasimama kando ya televisheni na kukitandaza kile kitambaa mbele ya kioo kwa mikono miwili. Mama alifumba macho, vidole gumba vyake vikipita juu ya vidole vya mumewe, kimoja baada ya kingine. Uzi ulipovutwa ukalia, akaitikia "mm" kwa sauti ndogo, kama mtu aliyejibiwa. Shemeji hakugeuza uso kututazama, na mikono ilipoanza kuchoka hakuishusha. Alisimama hivyo na kitambaa chake mpaka solo ikaisha.